Kesi Aliyoshinda Mama

Watu wa umri wangu wakikaa kuzungumzia rushwa ya miaka ya tisini, hadithi zao karibu zote ni za waliokosa. Fulani alinyang'anywa kiwanja kwa sababu mwenzake alikuwa na pesa, fulani alisota rumande kwa kukosa cha kumpa askari, fulani alizikwa na madai yake ya pensheni. Ni kweli tupu, na mengine niliyaona kwa macho yangu. Lakini kisa ninachokijua kuliko vyote ni cha mtu aliyeipata haki yake mahakamani bila kutoa hata senti, na ushindi huo ukamtia doa lisilofutika mpaka anaingia kaburini. Mtu huyo ni mama yangu mzazi.

Kijiji chetu kiko chini ya milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, nchi ya michungwa na minazi. Shamba letu lilipakana na la mzee mmoja tuliyemwita Baba Mkubwa. Hatukuwa ndugu wa damu. Yeye na marehemu baba waliingia jando pamoja, wakaoa mwaka mmoja, na michungwa ya kwanza ya shamba letu waliipanda wote wawili, mmoja akichimba mashimo na mwingine akishika miche. Mpaka wetu ulikuwa kijito. Hapakuwa na jiwe la mpaka wala ramani, na hapakuwa na haja.

Masika moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijito kikahama. Mvua zilikuwa kubwa, maji yakakata kona na kujichimbia njia mpya upande wetu. Zilipokatika, kipande cha shamba letu chenye michungwa iliyokwisha kuanza kuzaa kikawa ng'ambo, kimeungana na shamba la Baba Mkubwa. Yeye akasema mpaka ni kijito, na kijito kiko pale kilipo. Mama akasema mpaka ni pale kijito kilipokuwa siku wazee walipogawana. Ukiwasikiliza wote wawili hukumwona mwongo. Lau baba angekuwa hai wangeyamaliza barazani kwa kikombe cha kahawa, lakini alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na watoto wa Baba Mkubwa walikuwa vijana wenye haraka. Msimu wa machungwa ulipofika, wakavuna. Balozi wa nyumba kumi alijaribu kuwapatanisha, akashindwa. Mama akaenda mahakamani.

Mahakama ya Mwanzo ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Kwa jinsi sheria ilivyoiweka, ile ndiyo mahakama ya mtu wa kijijini. Mambo yote yaliendeshwa kwa Kiswahili, mawakili hawakuruhusiwa, na hakimu hakuamua peke yake. Walikuwepo wazee wa baraza wasiopungua wawili, na kila mmoja wao alikuwa na kura sawa na ya hakimu. Mtu asiyejua kusoma aliweza kusimama pale akaeleza jambo lake kwa kinywa chake mwenyewe. Nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote ya utu uzima, na bado naona huo ulikuwa mpango mzuri kuliko mingi tuliyobuni baadaye.

Tatizo ni kwamba kabla ya kumfikia hakimu ulimpitia karani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo, kwa hiyo mimi ndiye niliyefuatana na mama na kumsomea alichoandikiwa. Siku ya kwanza karani alisema karatasi za mahakama zimekwisha. Mama akanunua karatasi dukani, akamletea. Akazipokea kwa uso uliokunjamana, maana hakuwa ameomba karatasi. Safari nyingine tarishi hakuwa na nauli ya kupeleka hati ya wito. Mama akasema mdaiwa ni jirani yake, hati ataipeleka yeye. Akaambiwa huo si utaratibu. Kisha jalada likapotea. Likaonekana, lakini hakimu akawa na udhuru. Hakimu akapatikana, lakini mzee mmoja wa baraza akawa msibani. Na muda wote huo hakuna aliyetutamkia neno rushwa. Tulisikia "chai ya wazee", "ya soda", "pita ofisini tuongee". Usiku mmoja tarishi alikuja nyumbani, akakaa mkekani, akala na sisi, na kabla ya kuondoka akasema kwa huruma kabisa: "Mama, wenzako wameshafika. Na wewe fika. Kesi si ubishi."

Ile huruma haikuwa ya uongo. Karani mwenyewe nilimfahamu. Watoto wake walisoma na sisi, sare zao zimechanika na kushonwa upya mara nyingi kama zetu. Tangu vita vya Kagera na ule uhaba wa kila kitu wa miaka ya themanini, mshahara wa mtumishi wa ngazi yake ulikuwa umepungukiwa nguvu kiasi kwamba mwezi ulimshinda katikati. Serikali ilijua. Ilimweka mtu mwenye njaa mlangoni pa haki za watu, kisha ikamwachia funguo. Nilipokuja kuwa mtumishi mimi mwenyewe nilimwelewa zaidi, ingawa kumwelewa hakukuniondolea hasira.

Mama alikataa kufika. Alikuwa mwanachama wa TANU tangu usichana wake, na katika ahadi za mwanachama ilikuwemo ile ya kutopokea wala kutoa rushwa, kwa kuwa ni adui wa haki. Wengi waliikariri, yeye alikuwa ameiapa. Tena aliikumbuka sheria ya mwaka 1963 iliyoweka adhabu za chini, ambayo ilimpa mla rushwa kifungo kisichopungua miaka 2 na viboko 24, nusu yake siku ya kuingia gerezani na nusu siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere aliikumbusha nchi sheria hiyo mwaka 1995, akasema vile viboko vya mwisho vilikuwa vya kwenda kumwonyesha mkewe. Watu wakacheka. Mama alikuwa anamenya mihogo, hakucheka. Akasema, "Wakati ule tuliogopa kutoa. Siku hizi tunaogopa kutotoa."

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudishwe. Nyerere alizunguka akimnadi Benjamin Mkapa kuwa ni mtu safi, na Mkapa alipoingia Ikulu akatangaza mali zake hadharani, jambo ambalo hatukuwa tumelizoea. Januari 1996 akaunda tume ya kuchunguza kero ya rushwa, akamweka Jaji Joseph Warioba, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, kuwa mwenyekiti. Tulizisikia habari hizo kwenye redio yetu ya betri. Wananchi wakaombwa waseme. Sijui kama vijana wa leo wanaweza kuipata hisia ya wakati ule: serikali kukuuliza wewe, mama wa kijijini, nani anakuomba pesa na wapi. Pale kwetu watu walinong'ona kwanza, wakatazamana, kisha wakaanza kusema kwa sauti.

Katika mwaka huohuo hakimu wa zamani akahamishwa, akaletwa mwingine. Sisemi kwamba ni tume iliyomleta. Mahakimu walihamishwa siku zote. Huyu alikuwa kijana mwembamba, mpole wa sauti. Kesi ya mama ilipoitwa mbele yake, alifunua jalada, akauliza kwa nini mahakama haikuwahi kwenda kuliona shamba. Karani akajibu kwamba usafiri hakuna. Kwa kawaida mwenye kesi ndiye anayegharamia. Hakimu akauliza ni umbali gani. Akaambiwa. Akaandika tarehe.

Tarehe hiyo alikuja kwa miguu, pamoja na wazee wawili wa baraza, na karani nyuma yao amekumbatia jalada. Walikuwa wamelowa umande mpaka magotini. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuangua madafu. Hakimu akashukuru, akakataa, akasema atakunywa siku nyingine kesi ikiisha, akatoa chupa ya maji kwenye mfuko wake. Kwa Baba Mkubwa nako waliandaa chai na mihogo. Nako akakataa vilevile. Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika kutazama.

Alivua viatu, akashuka kwenye mkondo wa zamani wa kijito. Akainama, akafukua kwa mikono majani makavu na udongo wa juu, na chini yake kukatokea mchanga na kokoto laini zilizosuguliwa na maji miaka na miaka. Akachukua chache, akawapa wale wazee wazishike. Kisha akamgeukia Baba Mkubwa.

"Mzee wangu, michungwa hii alipanda nani?"

Baba Mkubwa alikaa kimya. Watoto wake walikuwa wanamtazama.

"Alipanda mume wa huyu mama. Mashimo nilichimba mimi."

"Mlipokuwa mnapanda, kijito kilikuwa wapi?"

"Hapo uliposimama, mheshimiwa."

Nataka msomaji akae kidogo na jibu hilo. Mzee alikuwa na kila sababu ya kusema vingine. Hapakuwa na shahidi mwingine. Baba yangu alikuwa ardhini. Angeweza kusema hakumbuki, na kwa umri wake nani angembishia? Alisema kweli mbele ya wanawe, akijua inamgharimu shamba. Kama kuna mtu aliyeiheshimu mahakama siku ile, ni yeye.

Hukumu ilitoka, kura zote tatu upande wa mama. Hakimu akamweleza Baba Mkubwa kwamba anayo haki ya kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, akamweleza na namna ya kufanya. Mama akaomba nakala ya hukumu, akapewa, imegongwa muhuri. Tulirudi nyumbani tukiimba njiani. Mimi nilidhani mambo yamekwisha.

Kesho yake mama alikwenda kisimani. Mwanamke mmoja akampa hongera, akamkonyeza: "Umejua kumpata." Mwingine akauliza bila kuficha ametoa ngapi. Mama akasema hakutoa kitu. Wakacheka kwa upendo kabisa, kama wanaomcheka mtu anayeficha mimba. Mjane, hana mtoto wa kiume mkubwa, amemshinda mzee mwenye ng'ombe na wana watano, tena kwa kura zote tatu? Baada ya siku chache akaja mtu usiku, mwenye kesi ya kiwanja. Hakuja kuomba ushauri wa sheria; alitaka aelekezwe njia. Mama alimwapia kwamba njia haipo, kwamba aende tu kwa yule hakimu akamweleze mambo yake. Mtu yule aliondoka amekasirika, akaenda kusema kwamba mama ni mchoyo, kafika yeye na sasa hataki wenzake wafike.

Hata yale madafu yaliyokataliwa yalipata maelezo. Ikasemwa hakimu alikataa dafu kwa sababu alikwisha kupewa kikubwa, akataka kujisafisha mbele ya watu. Kila alichokifanya ili aonekane mwadilifu kikawa ushahidi dhidi yake. Alipohamishwa baadaye, kwa uhamisho wa kawaida kama ule uliomleta, watu wetu walisema kaondolewa kwa kula pesa ya mjane. Mtu ambaye hakunywa hata maji yetu.

Kisha akaja Baba Mkubwa mwenyewe. Ilikuwa baada ya magharibi, mimi nilikuwa jikoni na mlango uko wazi. Alikataa kiti, akasimama ukumbini akiegemea fimbo.

"Shemeji, nimekuja na swali moja, na ukinijibu sitakuuliza tena mpaka kufa. Ulimpa ngapi?"

"Wallahi, shemeji, sikumpa kitu."

"Shemeji."

"Naapa kwa aliyemchukua rafiki yako. Sikutoa."

Alitikisa kichwa taratibu. "Mimi nilitoa," akasema. "Nilitoa kwa karani, nikatoa ya wazee, nikatoa ya yule hakimu wa kwanza. Niliuza ndama. Sasa niambie wewe: ikiwa mimi niliyetoa nimeshindwa, wewe uliyeshinda ulitoa nini?"

Mama hakuwa na jibu, na mimi mpaka leo sina. Kwa mtu aliyekwisha kuuziwa haki mara moja, hesabu ile haina kasoro hata moja. Hakuwa akituonea. Alikuwa anasoma hukumu kwa kanuni aliyofundishwa na watumishi wa serikali wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka. Hakukata rufaa. Alipoulizwa kwa nini, alisema kukata rufaa ni kununua upya, na ndama wamekwisha. Ile haki ya siku 30 aliyoelezwa kwa upole wote ilikuwa ipo katika sheria; kwake yeye haikuwepo tena.

Tangu hapo hakukanyaga kwetu. Arusi yangu hakuja. Alipougua, mama alimpelekea uji, ukarudishwa na salamu nzuri.

Ripoti ya Tume ya Warioba ilitoka mwishoni mwa 1996. Iliwagawa wala rushwa makundi mawili: wadogo wanaopokea ili kujikimu kwa kuwa mishahara haiwatoshi, na wakubwa wanaopokea kwa tamaa tu. Iliandika bila kupepesa macho kuhusu polisi, mahakama, hospitali, ardhi na kodi, na ilionyesha kwamba mwananchi ananunua huduma ambazo ni haki yake. Naiheshimu kazi ile. Bado inafaa kusomwa, na anayedai kwamba hatukuambiwa mapema anajidanganya. Lakini kila nikiifikiria humfikiria na yule hakimu mwembamba. Kila anayepokea hali sehemu yake peke yake. Anakula na ya mwenzake asiyepokea. Mtumishi mwadilifu katika ofisi iliyooza hana namna ya kuthibitisha uadilifu wake. Hakuna risiti ya pesa ambayo hukupokea.

Nililijua hilo vizuri nilipoanza kazi ya uuguzi mwishoni mwa miaka hiyo, katika hospitali moja ya wilaya nisiyoitaja. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulikuwa umeanza mwaka 1993, lakini wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sera. Wodini hali ilikuwa tofauti: mama mjamzito alikuja na glovu zake, wembe wake, uzi wa kufungia kitovu, na noti iliyokunjwa ndogo kabisa katika pindo la khanga.

Usiku mmoja aliletwa binti wa kujifungua mimba ya kwanza, ameongozana na mama mkwe wake. Uchungu ulikuwa umeshika. Mama mkwe akanisogelea, akafungua pindo, akanitia noti mkononi bila kunitazama usoni. Nikamrudishia. Nilisema kwa upole kwamba huduma hii hailipiwi. Nilitegemea afurahi. Midomo yake ilianza kutetemeka. Akatoka nje, nikamsikia anazungumza na watu chini ya mwembe, akarudi na noti mbili. Nilipozikataa nazo, alipiga magoti pale sakafuni, akasema, "Mwanangu, tusamehe, ndizo tulizonazo, usimwache mtoto wa watu afe."

Kukataa kwangu alikusikia kama bei. Mimi najiona mtu mwema niliyesimama upande wake, na yeye anasikia kwamba mkwewe amekwisha kuhesabiwa katika wasiohudumiwa. Binti alijifungua salama alfajiri, mtoto wa kiume, nami sikubanduka pale kitandani. Asubuhi yule mama alinishukuru, kisha akaenda kumpa noti zile muuguzi mwenzangu wa zamu ya mchana. Mwenzangu alizichukua. Kwa siku zote walizokaa wodini, akitaka kuuliza jambo alimngoja yeye, si mimi. Na nasema kwa uzoefu wa miaka mingi: wagonjwa walimwamini zaidi anayepokea, kwa sababu waliyekwisha kumpa walikuwa na la kumdai. Mimi walikuwa hawanidai chochote.

Haki ya mama mjamzito iliandikwa katika sera na kubandikwa ukutani, lakini hakuna aliyeishi ndani yake. Ndiyo maana nikaacha kukataa kwa maneno matupu. Nilijifunza kumshika mtu mkono kabla hajafungua pindo, nikamweleza hatua kwa hatua nitakachomfanyia, saa ngapi, na nani atanipokea zamu. Pesa hizo zilikuwa zinanunua hakika, kwa hiyo nikajaribu kumpa hakika kabla hajainunua. Wapo walionielewa. Wapo waliobaki na mashaka mpaka wanaruhusiwa kwenda nyumbani.

Nchi nayo iliendelea na mambo yake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura ukaruhusiwa kwa jina la takrima, kana kwamba pilau na khanga siku za kampeni ni desturi ya ugeni tu. Mwaka 2006, baada ya kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mashirika mengine, Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Nilifurahi sana siku ile. Nikawasimulia wenzangu wakati wa chai, na wa kwanza kusema akauliza ni nani aliyewalipa majaji. Hakuwa anatania. Alikuwa mtu mzuri, mcha Mungu, na aliuliza kwa sauti ileile aliyoulizia Baba Mkubwa. Ilipokuja kujulikana habari ya akaunti ya EPA, shilingi bilioni 133 zilizolipwa isivyo halali makampuni 22 kutoka Benki Kuu, hakuna aliyeshangaa wodini. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu kufuatia ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa. Kwa nchi yoyote hilo ni tukio kubwa, Bunge kumfikisha hapo Waziri Mkuu. Kwetu nusu ya watu niliowasikia walitafuta nani yuko nyuma ya kamati, nani anamlipia nani kisasi. Walikuwa wamezoea kwamba nyuma ya kila haki yupo aliyeilipia.

Mama alifariki akiwa na nakala ya hukumu katika sanduku la nguo. Baba Mkubwa alimtangulia. Wanawe walikuja kumzika mama, wakashika majembe, wakaondoka kabla ya chakula.

Miaka michache iliyopita halmashauri ya kijiji ilianza kupima mashamba kwa ajili ya hati za hakimiliki ya kimila, zile zilizowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Utaratibu unataka majirani wasimame pamoja mpakani, wakubaliane, wasaini. Tukasimama: mimi na wadogo zangu upande huu, watoto wa Baba Mkubwa upande ule. Nikawaomba ruhusa niwasomee hukumu yote, kwa kuwa wadogo kwao hawakuwepo siku ile na wengine hawakuwahi kuisikia. Wakakubali. Nilipofika kwenye jibu la baba yao kuhusu mashimo, mdogo wao wa mwisho akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Mzee alisema hivyo?" akamuuliza kaka yake.

"Nilikuwepo. Alisema hivyohivyo."

"Sasa kama alijua kijito kilikuwa hapa, pesa alitoa za nini?"

"Alitoa ili asionewe," kaka mtu akajibu, akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Akasaini.

Yule mdogo hakusaini. Alinitazama kwa adabu, akasema, "Dada, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini hukumu ni karatasi, na karatasi inaandikwa na anayelipwa." Mpimaji akafunga daftari lake, akasema mpaka huo uwekwe kiporo.

Fomu yetu iko ofisi ya kijiji, imebaki sahihi moja. Mzee mmoja kati ya wale wawili wa baraza bado yu hai, anaishi kijiji cha pili, macho yamefifia lakini kumbukumbu anayo. Nimekwisha zungumza na mjukuu wake. Mvua zikikatika nitakodi bodaboda imlete mpaka pale kwenye kokoto, amwambie kijana yule kwa kinywa chake alivyopiga kura, na kwa nini.